Baiskeli ya Hinrich Poppinga na Treni ya Kusini

Hinrich Poppinga alikuwa mtu wa maneno machache hata kwa kipimo chetu sisi watu wa Leer, mji wa huku pwani ya kaskazini, na sisi hatujapata kusifiwa kwa usemaji. Mwanamume wa kwetu akikwambia "Moin" asubuhi, amekwisha kukupa habari zote za siku. Hinrich hata hiyo aliisema nusu. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha maziwa, akiosha na kulinda matangi, na jioni alijifungia bandani nyuma ya nyumba akiihudumia baiskeli yake ya kijani, ambayo magurudumu yake aliyasuka mwenyewe, spoku moja moja. Tusimcheke. Kila mtu ana mahali ambapo ulimi wake hufunguka, na wa Hinrich ulifunguka akiwa anaendesha.

Mkewe Sieglinde alikuwa mtu wa kusini, wa Ulm, kwenye vilima na watu wanaoongea. Aliuvumilia upepo wetu na kimya cha mumewe kwa miaka kadhaa, kisha akafungasha, akamchukua binti yao Tomma ambaye hata shule hajaanza, akarudi kwao. Hakukuwa na kelele wala sahani kuvunjika. Hinrich aliwabebea masanduku mpaka stesheni, akayapandisha, akashuka. Hakuwaambia wasiende. Majirani wakasema hakuumia. Aliumia sana yule bwana, lakini maumivu yake yalikosa mlango wa kutokea.

Kilichobaki kati yake na mtoto kilikuwa wiki mbili za kiangazi na treni moja ndefu inayotoka huku pwani mpaka kusini. Zamani hizo treni ile ilikuwa na behewa la mizigo. Ulimkabidhi baiskeli yako mzee mmoja wa koti la bluu, akaifungia kikaratasi kwenye usukani, nawe ukaenda kukaa na mkate wako wa soseji bila wasiwasi. Ukifika Ulm, unaikuta inakusubiri. Hinrich alishuka nayo, Tomma akatoa ile yake ndogo, wakaufuata mto Danube kutwa nzima.

Huko njiani ndiko Hinrich alikokuwa baba. "Shimo kushoto," alisema. "Vuta pumzi, mlima unakuja. Yule ni korongo, usimpigie kengele." Alimsimulia habari za bibi yake, za mafuriko, za usiku aliozaliwa yeye Tomma, theluji imejaa mpaka dirishani na mkunga amekwama. Njia ni nyembamba, mmoja lazima atangulie, kwa hiyo yote hayo yalisemwa bila kutazamana usoni, mmoja nyuma ya mgongo wa mwenzake. Wakirudi jikoni kwa Sieglinde na kukaa ana kwa ana, Hinrich alifunga mdomo tena, akabaki kuzungusha kikombe.

Kisha wakubwa wa reli wakaona mabehewa ya mizigo yamepitwa na wakati. Wakayaondoa, wakaleta treni mpya za kupendeza, na kwenye behewa moja tu wakaweka ndoano chache za kuning'iniza baiskeli, kama nyama buchani. Ndoano zenyewe zinanunuliwa tangu majira ya kuchipua, na ukichelewa kidogo zimekwisha. Mwaka mmoja Hinrich alizikosa. Mwaka uliofuata alipata, lakini siku ya safari behewa lenyewe halikuletwa, akarudi nyumbani akiisukuma. Mwaka mwingine akasema liwalo na liwe, akaenda kwa treni ndogo ndogo zinazosimama kila kituo, akibadilisha na kubadilisha, mpaka wakamshusha kwenye kituo cha porini kwa kuwa kulikuwa na kina mama wenye vigari vya watoto, na kigari cha mtoto kina haki kuliko baiskeli. Alifika Ulm kesho yake. Tomma alikuwa amekwenda zake ziwani na wenzake.

Mtu mwingine angeiacha baiskeli nyumbani. Hilo Okko, jirani yake, alimwambia kila walipokaa kunywa chai.

"Hivi wewe," Okko alisema, "unakwenda kumwona mtoto au kuitembeza baiskeli?"

"Vyote."

"Chagua kimoja, bwana. Mimi nikienda kwa binti yangu Bremen nachukua mswaki na keki, basi."

"Na mkifika mnafanya nini?"

"Tunagombana. Nako si ni kuonana?"

Hinrich alimmiminia kikombe cha tatu, maana kwetu kabla ya cha tatu mgeni haondoki. Angejibu nini? Kwamba bila baiskeli hana la kumwambia mwanawe? Kwamba anaogopa ile meza ya jikoni kuliko upepo wa bahari? Mambo kama hayo hayasemwi mbele ya Okko, ambaye hata siri za mbwa wake huzitangaza.

Tomma akawa mtu mzima, akasomea kilimo cha zabibu. Majira ya baridi akampigia baba yake simu.

"Baba, nimepata kazi Chile. Shamba kubwa. Naondoka mwishoni mwa Agosti."

"Mbali," alisema Hinrich.

"Mbali, na sijui nitarudi lini. Njoo kabla sijaondoka. Nataka kujua kitu kimoja. Miaka yote ile, ulikuwa unakuja kwa ajili yangu au kwa ajili ya kuendesha?"

Hinrich alihamishia simu sikio la pili. "Nitakuja," alisema.

"Hilo si jibu, Baba."

"Nitakuja. Utaona."

Alidhani kuja ni jibu tosha. Siku ya kwanza ndoano za Agosti zilipoanza kuuzwa, alikuwa wa mwanzo kununua. Alibadilisha mnyororo, akapaka mafuta, akapiga rangi mahali palipokwaruzika. Wiki zile za mwisho pale kiwandani walimsikia akiimba kwa mluzi ndani ya tangi, jambo lisilopata kutokea.

Siku ikafika, Jumamosi, mapema, na jua limeshatoka. Kwenye ubao wa stesheni imechorwa treni nzima, behewa kwa behewa, na juu ya jukwaa yananing'inia mabango ya herufi kuonyesha kila behewa litakaposimama. La baiskeli, kwa mujibu wa ubao, ni chini ya herufi A, mwanzoni kabisa. Hinrich akasimama chini ya A. Wenzake wenye baiskeli nao wakasimama chini ya A, kwa mstari, kila mmoja na kofia yake ngumu kichwani tayari, kana kwamba wataendesha humo ndani. Sisi ni watu wa kuamini ubao.

Treni ilikuja imegeuzwa, kichwa mkiani. Kipaza sauti kilitangaza hivyo baada ya injini kuwapita. Behewa la baiskeli lilikwenda kusimama kwenye F, mwisho wa jukwaa, huko ambako paa limekwisha. Basi ikawa mbio. Baiskeli, mabegi, mbwa mmoja, mzee anayetukana kwa lugha ya mama yake, wote wanakimbilia F, na wale wanaoshuka wanakuja upande wao. Hinrich alikimbia kwa adabu, akisema "samahani" kila hatua, ndiyo maana alifika wa mwisho.

Pale F mlango wa behewa ulikuwa umebandikwa karatasi nyekundu. Umeharibika. Vijana wawili walikuwa tayari wamepenyeza zao kwa mlango wa jirani, ujia umeziba, na kondakta, mama mmoja mnene mwenye macho ya mtu asiyelala, amesimama mlangoni amenyoosha mkono.

"Hakuna baiskeli nyingine hapa. Abiria wapande, baiskeli zibaki."

"Nina ndoano," Hinrich alisema, akatoa tiketi. "Nimelipia."

"Najua, bwana. Ndoano ziko ndani ya behewa lililofungwa. Utarudishiwa hela."

"Sitaki hela. Nataka kufika Ulm."

"Basi panda. Kiti chako kipo, hakijakaliwa na mtu. Hiyo ifunge hapo kwenye nguzo, tuondoke, tumeshachelewa."

Hinrich aligeuka kuitazama nguzo. Ilikuwa hatua chache tu, na kufuli alikuwa nalo begani. Lakini juu ya nguzo kulikuwa na kibao: Ni marufuku kufunga baiskeli hapa. Zitakazokutwa zitaondolewa.

"Pameandikwa marufuku," alisema.

Kondakta alimtazama kama mtu anayetazama mvua. "Mimi ndiye nimekwambia ufunge."

"Lakini pameandikwa."

Abiria mmoja akatoa kichwa. "Panda, mzee, unatuchelewesha sote. Hiyo baiskeli umeioa?"

Watu wakacheka. Hinrich alipiga hatua moja kuelekea nguzo, akasoma kibao tena, akarudi hatua ile ile. Tangu azaliwe hajapata kufunga baiskeli mahali palipokatazwa, na katika sekunde zile alizopewa hakuweza kuwa mtu mwingine. Kondakta alipuliza filimbi. Milango ikafungwa, treni ikaondoka na kiti kitupu.

Alikaa kwenye benchi, baiskeli ameishika usukani, akampigia Tomma.

"Treni imefutwa?" Tomma aliuliza, maana hakuwa mgeni wa simu hizi.

Mtu mwerevu angesema ndiyo. Hinrich hakujua kudanganya. "Hapana. Imekuja."

"Imejaa?"

"Hapana."

"Sasa uko wapi, Baba?"

"Leer. Behewa la baiskeli lilikuwa limefungwa."

"Na kiti chako?"

"Kilikuwepo."

Kimya kilichofuata kilikuwa cha Tomma, na Hinrich, bingwa wa vimya, hakukiweza. "Kuna nyingine saa tatu," alisema haraka.

"Njoo nayo. Bila baiskeli. Nimekukodia moja hapa, ipo uani. Utakuja?"

Ilitosha kusema ndiyo. Lakini Hinrich alianza kuwaza mahali pa kuiacha ile ya kijani. Kule mbele ya stesheni kuna vyuma vya kufungia, ila baiskeli kadhaa zimeibiwa pale tangu mwanzo wa mwaka. Kuirudisha nyumbani, je, atawahi? Okko atakuwa ameamka? Alikuwa anahesabu tu, wala hakuwa akisita, na ningekuwapo ningemtolea ushahidi. Aliye upande wa pili wa simu haoni mtu anahesabu. Husikia kimya.

"Basi, Baba," Tomma alisema. "Nimeshaelewa." Akakata.

"Nitakuja," Hinrich aliiambia simu iliyokwisha kukatika.

Aliikokota baiskeli mpaka mbele ya stesheni, akaifunga kwenye vyuma, wala hakuigeukia. Akapanda ya saa tatu. Alijaribu kumpigia Tomma mara ya pili na ya tatu, simu haikupokelewa. Kuandika nako hakuwa hodari. Alishika simu mpaka wakaupita mji wa Münster, akiandika, akifuta, akiandika tena, mwisho akatuma maneno matatu: Niko kwenye treni. Akaona yametosha. Safari nzima alikaa kitini mikono ameiweka magotini, hajui aipeleke wapi, na nchi nzima ikampita dirishani bila kuiona. Alikuwa akijifunza maneno. Nilikuwa nakuja kwa ajili yako. Aliyarudia kimoyomoyo mpaka yakamtoka midomoni, na mama aliyekaa mbele yake akahamia kiti kingine.

Jioni Sieglinde alimfungulia mlango. Alimtazama, kisha akatazama nyuma yake uani, kushoto na kulia.

"Baiskeli iko wapi?"

"Leer," alisema Hinrich. "Tomma yupo?"

Sieglinde alisogea kumpisha, akamvutia kiti jikoni. "Amekwenda Munich kwa rafiki zake. Ataondokea huko huko, Jumatatu."

"Nilimwandikia. Nilimwambia niko njiani."

"Alisoma, Hinrich. Alinionyesha." Sieglinde alikuwa amesimama, kitambaa cha vyombo mkononi, na sauti yake haikuwa ya kulaumu. "Alisema, 'Basi wamempatia pa kuiweka baiskeli yake.' Akachukua begi lake."

Hinrich alikaa. Sieglinde akamsogezea simu, ile Hinrich mwenyewe aliyokuwa ameiweka mezani. "Mpigie. Mwambie umekuja mikono mitupu. Mwambie sasa hivi."

Alipiga. Simu ya Tomma ilikuwa imezimwa, ikatoka sauti yake ya kurekodiwa, ya uchangamfu, ikimwomba anayepiga aache ujumbe. Kikalia kile kimlio cha kumruhusu mtu aseme. Maneno aliyoyarudia kutwa alikuwa nayo, yote, hata moja halijapotea.

"Tomma," alisema. "Ni Baba." Akatazama meza, akavuta pumzi, na alikuwa bado anaivuta pale simu ilipojikata yenyewe.