Mgongo wa Mtoto, Moyo wa Nyanya

Siku yangu ya kwanza kazini, wodi ya wazazi pale Kitale, nilipokea mtoto wa kike aliyezaliwa na mgongo wazi. Mifupa ya kiunoni haikuungana, na uti ulionekana kama kidonda kibichi. Nikakunja uso, nikarudi nyuma hatua moja. Sista Mkuu, msimamizi wetu, akaninong'oneza, "Tuliza uso. Mama anakuangalia wewe kwanza."

Mama huyo aliitwa Nafula, mwalimu kutoka Malakisi. Mtoto hakumaliza wiki. Akiondoka aliniuliza, "Sista, si uniambie tu. Ni kitu nilikula?"

Miaka michache baadaye nilihamishiwa Bungoma, kliniki ya akina mama, chini ya Daktari Msimamizi, mtu asiyependa kubahatisha. Nafula akatujia huko, akitaka kujaribu tena. Alikuja na mama yake mzazi, Mama Rosa, mgonjwa wa moyo aliyehema kwa kupanda ngazi tu. Daktari akawapima damu wote wawili, kisha akaniita kando.

"Wote wamepungukiwa na foleti," akasema. Hiyo ni vitamini ya maharagwe na mboga za majani. "Ikikosekana, mgongo wa mtoto unaweza kukosa kufunga. Tena kuna kemikali inapanda kwenye damu, na wengine wanashuku inaumiza mishipa ya moyo."

"Kwa hivyo ni kitu kimoja, Daktari?"

"Sijasema hivyo. Ya mgongo tunaijua. Ya moyo bado ni shaka."

Shaka hiyo ndiyo iliyonitisha. Kwetu mboga zilichemshwa hadi zikalegea, maji yakamwagwa, na vitamini nyingi ikaenda nayo. Nililelewa hivyo hivyo.

Nafula alianza tembe za foliki, ile foleti ya kutengenezwa, kabla ya kushika mimba, kwa maana mgongo hufunga mapema, mara nyingi mama hajajua kama ana mimba. Mama Rosa alipewa dawa za moyo, na tembe zile zile. Mimba ya binti yake ilipoanza kuonekana, akaanguka shambani akipalilia, akafa.

Nafula alikuja kliniki macho yamevimba. "Sista, mama alimeza hizi tembe na bado ameenda. Huyu wangu je?"

"Moyo wake uliumia zamani, mama. Wewe ulianza mapema," nikamwambia.

Mtoto alipotoka alilia kwa nguvu. Sikumtazama uso. Nilimgeuza, nikapitisha kidole kutoka shingoni kwenda chini, polepole, nikiogopa kufika kiunoni.

"Mbona umenyamaza?" Nafula akalia. "Sista! Mbona umenyamaza?"

"Umefunga," nikasema. "Mgongo umefunga." Nikamlaza kifuani pake.

Sasa nimestaafu. Unga wa dukani huongezwa foliki; wa posho, unaosagwa kwenye kinu cha kijijini na ambao wengi wetu tunaula, hauongezwi. Wasichana bado huja kliniki tumbo limeshaonekana, na mgongo ulishaamua kitambo. Kuhusu moyo, wataalamu wangali wanabishana. Mimi siwangoji. Mboga zangu hazikai sana motoni, na kila nikipanda mlima wa Kapsokwony kumwona binti yangu, kifua kikinibana, husimama kando ya barabara nikisikiliza moyo, nisiweze kujua kama ni uzee au ni ile shaka ya Daktari.