Saa Moja ya Seli

Fundi wa maabara yetu hapa Winnipeg huzisemesha seli zake kama anayebembeleza mgonjwa. Kila asubuhi huzitilia dawa inayozuia kuundwa kwa nyuzi ambazo huivuta seli igawanyike sehemu mbili. Seli hukwama katikati, tukazipiga picha. Kazi ikiisha, sisi wengine tunazimwagia klorini zife na kwenda kunywa kahawa. Yeye huziosha kwanza dawa itoke, akavuta kiti, akangoja saa nzima nyuzi zijijenge na seli zigawanyike, ndipo aziue.

“Mama, unaziogesha ili uzizike?” Thibault, mwenzetu, humtania.

“Zimalize kwanza. Wewe unawahi wapi?”

Tangu Januari Mama mwenyewe anatundikiwa dripu ya saratani, dawa ya ukoo uleule wa ile anayozitilia seli. Nyuzi hizo zimo pia kwenye mishipa ya fahamu, na sasa vidole vyake vimekufa ganzi. Vifungo vya koti namfungia mimi. Jana chupa ya klorini ilimponyoka mara mbili. Thibault hakutania. Mama akanisukumia chupa kwa kiwiko.

“Utamwaga wewe.”

Nikafungua kizibo.

“Bado!” akanifokea, yeye asiyefoka kamwe. “Zimebakiza dakika kumi.”