Rangi Kwenye Shati la Mwenyekiti

Marehemu mume wangu hakuandika maneno yale ukutani. Naanza na hilo kwa sababu tangu tumzike, wamezidi wanaonong'ona kwamba yeye, mwenyekiti wa mtaa, aliuwasha moto huo wa chuki mwenyewe ili asifiwe kwa kuuzima. Ushahidi wao ni shati. Shati hilo nililifua na kulianika mimi, uani, mbele ya macho ya majirani, likiwa na doa jeusi la rangi kifuani. Ningekuwa na la kuficha, ningelichoma.

Mtaa wetu una watu wa kila namna. Jioni watoto wanaitwa kuoga kwa lugha ambazo mimi na elimu yangu yote sizijui. Mume wangu alijifunza kutoa pole kwa kila moja ya lugha hizo, na matamshi yake yaliwachekesha hata wafiwa. Hakuona haya. Alisema mtu akikucheka, angalau amekusikia.

Asubuhi moja tuliamka tukakuta ukuta wa ofisi yake umeandikwa kwa rangi nyeusi: WAGENI RUDINI MLIKOTOKA. Mkabala na ukuta huo ni kibanda cha fundi cherehani, mama aliyekimbia vita akahamia kwetu pamoja na wanawe. Siku hiyo hakufungua. Mchana vijana wa kwao walifika sebuleni kwetu, wamefura.

"Mzee, tupe jina tu. Mengine tuachie sisi."

"Jina sina, na ningekuwa nalo nisingewapa. Jioni mngeniletea maiti. Hebu kaeni mnywe maji, mnavuja jasho kama mliokimbizwa na nyuki."

Mmoja akacheka bila kutaka. Wakakaa.

Jua lilipokuwa linazama, mtu alibisha hodi mlango wa nyuma, amekumbatia kopo la rangi. Nilimfungulia mimi. Alisema amemwona fundi akipakia cherehani yake kwenye mkokoteni, na kwamba hakudhani mambo yangefika huko. Alilitoa kopo kwa pupa hata kifuniko kikachomoka, na mume wangu alipompokea kopo, rangi ikammwagikia kifuani. Hiyo ndiyo habari nzima ya shati.

Nilitegemea amfokee. Alijifuta, akakaa.

"Fundi nitakwenda kumwomba asiondoke," alisema. "Kesho mtaa mzima tutapaka ule ukuta, kila mtu mkupuo mmoja wa brashi. Wewe usije wa kwanza, watu watashangaa hiyo juhudi. Wala usije wa mwisho. Jipenyeze katikati."

"Na wakijua?"

"Watajulia wapi? Mimi na mama watoto hatuna midomo."

Akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa.

Kesho yake foleni ilifika hadi kona. Muuza nyama akauliza kama anaweza kuandika bei zake kwanza.

"Andika uone," mume wangu akamjibu. "Utaila hiyo brashi, tena ina mifupa michache kuliko nyama yako!"

Watu wakaangua kicheko, fundi cherehani naye akiwamo. Brashi ikapita mkono kwa mkono, maneno yakafifia, yakapotea. Mmoja wa mikono hiyo ulikuwa ule ule ulioyaandika.

Tulipokuwa tunaosha makopo, fundi aliniinamia.

"Dada, wewe unamjua, eti?"

"Namjua."

"Basi usiniambie. Huenda namshonea. Nitashindwa kumpima mabega."

Mume wangu aliisikia minong'ono hii akiwa hai. Alichofanya ni kulivaa shati lile lile kwenye mikutano, doa likiwa mbele, na kuwauliza watu habari za nyumbani. Mimi sina moyo wake. Mimi nakereka.

Sasa shemeji yangu haniachi. "Shemeji, taja jina, jina la kaka lisafike. Neno moja tu!" Ni kweli, neno moja lingetosha. Lakini cherehani ile bado inalia mkabala na ofisi, na aliyeandika bado anapeleka nguo zake pale, anapimwa mabega, anaulizwa hali. Mume wangu alikubali kusemwa ili hilo liwezekane. Sitalibomoa ili yeye asifiwe.

Jina silitaji. Si kwa shemeji, si kwa wanangu, si kwa yeyote. Msiniulize tena.