Somo la Kukwepa

Gongo lile la kupigia mpira nililikuta stoo ya shule, nyuma ya magunia ya chokaa, pamoja na glavu moja ya ngozi, mipira miwili mizito ya ukubwa wa chungwa nono, na kitabu chembamba cha picha. Viliachwa na mwalimu wa kigeni aliyeondoka wakati ule wageni wengi walipoondoka Kampala. Mwalimu mkuu aliniambia nivitupe. Mimi sikuzaliwa kutupa kitu kabla sijajua kinafanya kazi gani. Mama yangu alizoea kusema kwamba hata kwenye matanga ningemuuliza marehemu anakwenda wapi. Basi nikapangusa vumbi, nikaketi juu ya gunia, nikaanza kusoma.

Mume wangu alikuwa fundi wa reli, na sisi Wakenya wawili tulikaa kwenye nyumba za reli pale Nsambya. Shule yangu ilikuwa kati ya nyumba hizo na za polisi, kwa hiyo nusu ya darasa langu la sita walikuwa watoto wa askari, wengi wao wenyeji wa kaskazini. Wanajeshi ndio waliotawala. Sukari na sabuni zilikuwa za kusimuliwa, na watu wazima walikuwa wamejizoeza kutouliza. Nadhani ndiyo maana niling'ang'ania softboli, mchezo wa kitabu kile. Ilikuwa kitu ambacho ningeweza kukichunguza kutwa nzima bila mtu kugeuka kuangalia nani anatusikia.

Kusema kweli, sikuwa nimepata kuuona mchezo wenyewe. Kitabu kilieleza kwamba mmoja anarusha mpira, mwenzake anaupiga, kisha aliyepiga anakimbia kuzunguka vituo vinne mpaka arudi alipoanzia. Picha zilimwonyesha msichana akipiga, hatua kwa hatua: miguu imeachana kadiri ya mabega, uzito uko mguu wa nyuma, mikono karibu na bega, jicho kwenye mpira. Nikajiambia, hili nalo la kunishinda? Nikachagua wasichana kumi na wawili, nikawapeleka uwanjani, nikamrushia wa kwanza.

Aliinama, mpira ukapita. Wa pili aliruka kando. Wa tatu alijipinda kiuno kwa madaha, mpira ukapita pale pale kiuno kilipokuwa, na wenzake wote wakampigia makofi.

"Mbona mnamshangilia?" nikauliza. "Hajaugusa!"

"Lakini Madamu, mupira haikugusa yeye!" wakajibu, wakinitazama kama mtu asiyejua kuhesabu.

Ilinichukua siku kadhaa kuelewa. Wasichana hawa walikulia katika kwepena. Ni mchezo wa watoto wa Kampala: wawili wanasimama pande mbili na kurushiana kimpira cha soksi au cha majani makavu ya migomba, na aliye katikati ana kazi moja tu, asiguswe. Tangu wakiwa wadogo miili yao ilifundishwa kwamba mpira ukija, ondoka. Sasa mimi nimekuja kuwaambia mpira ukija, usubiri.

Yule wa tatu, mwenye kiuno cha madaha, alikuwa binti wa koplo mmoja wa polisi. Alikuwa mwembamba, mfupi kuliko wote, na ndiye aliyekuwa bingwa wa kwepena shule nzima. Hakuna aliyekumbuka mara ya mwisho alipoguswa na mpira. Alilitaka gongo kuliko wenzake wote, tena alikuja wa kwanza kila asubuhi, lakini nikirusha tu, hayupo.

"Mwili inakimbia yenyewe, Madamu," aliniambia, karibu kulia.

"Basi uambie mwili wako utulie. Mpira hauumi mtu!"

Mimi nina hasira za karibu, na hasira za karibu hutunga sheria mbovu. Nikatangaza kwamba atakayekwepa atakwenda kufyeka nyasi pembeni mwa uwanja. Binti wa koplo alifyeka karibu upande mzima.

Ni hapo nilipogundua jambo. Nilikuwa nimesimama na kitabu changu mkononi, nikijiuliza kwa nini wote wanapiga kwa mikono peke yake, kama watu wanaofukuza nzi, wakati picha inaonyesha nyonga zikitangulia. Nikainua macho. Yule mtoto alikuwa anafyeka kwa silasha, ule upanga wa nyasi uliopinda nchani, na mwili wake ulikuwa unafanya kila kitu kilichoandikwa. Uzito nyuma. Nyonga inageuka, mikono inafuata. Kisigino cha nyuma kinainuka, na jicho haliachi jani analolikata. Nikaangua kicheko peke yangu. Miezi miwili nahangaika kufundisha kitu wanachokijua tangu wapewe silasha ya kwanza!

Kuanzia siku hiyo hatukupiga tena, tulifyeka. Gongo lilikuwa moja, kwa hiyo wengine walishika mipini ya majembe. Kila asubuhi kabla ya kengele nilipanga mistari miwili, wakafyeka hewa mara mia, wakihesabu kwa sauti. Kisha nilining'iniza kimpira cha soksi kwenye tawi la mfenesi, kila mmoja akakipiga mpaka mikono ikachoka. Niliwaambia mazoezi ni kama kupiga mswaki, huruki siku kwa sababu jana ulisugua sana. Baada ya wiki chache wengi walikuwa wanaupiga hata mpira wa kurushwa. Binti wa koplo alikipiga cha soksi kuliko wote, lakini ule wa kurushwa bado aliukwepa.

Sasa tazama lile ambalo mimi, muulizaji mkubwa, sikujiuliza. Wasichana kumi na wawili, mistari miwili, mipini mikononi, wanahesabu kwa sauti moja kando ya nyumba za polisi, na anayewaongoza ni Mkenya. Wakati ule Kenya na Uganda zilikuwa hazitazamani vizuri.

Gari lilikuja asubuhi moja tukiwa tumehesabu mpaka sitini na kitu. Wawili walibaki ndani. Mmoja mwenye sare alishuka akaja taratibu.

"Nani nafundisha hawa?"

"Ni mimi, afande."

"Wewe mutu ya wapi?"

"Kenya, afande."

"Kenya." Alilitafuna neno lile. "Na nani natuma wewe kufundisha watoto mambo ya jeshi?"

Nikamwambia ni mchezo tu. Nikampa kitabu. Alikipekua picha moja moja, akageuza gongo, akalinusa.

"Kama ni muchezo, mimi nataka kuona," akasema. "Kama muchezo hakuna, sisi nakwenda na wewe." Akanyoosha kidole. "Huyu kidogo apige."

Alikuwa amemchagua binti wa koplo.

"Afande, yule mrefu ndiye anayeweza..."

"Mimi nasema huyu."

Watu waliopakiwa kwenye magari kama lile tuliwajua, na wengine hawakurudi. Nilijua mwisho wa jambo lile: atajipinda kiuno, mpira utapita, nami nitapanda gari.

Askari akavua kofia, akaurusha mpira kama mtu anayemrushia mbwa jiwe. Ulimwendea mtoto moja kwa moja mwilini. Yeyote angekwepa, sembuse yeye. Hakukwepa. Alisimama, miguu imeachana, uzito nyuma, jicho kwenye mpira, mpaka ukampiga chini ya bega. Nilisikia mlio wa pigo lenyewe. Alianguka goti moja. Nilipiga kelele, sijui nilisema nini.

Akainuka, akafuta pua kwa mkono, akanitazama mimi.

"Madamu, sikukwepa."

Kisha akamgeukia askari. "Rusha ingine, afande."

Safari hii yule mtu aliurusha polepole, kutoka chini. Huenda aliona haya. Binti wa koplo akafyeka. Nyonga ilitangulia, kisigino kikainuka, na mpira ukapita juu ya paa la vyoo ukaangukia nyumba za polisi. Askari aliufuata kwa macho mpaka ukapotea.

"Sasa?" akauliza.

"Sasa anakimbia, afande. Anazunguka vile vituo mpaka anarudi hapa."

"Lakini hapa ndiyo yeye natoka."

"Ndiyo, afande."

"Sasa kwa nini naondoka?"

Nilikitazama kile kitabu mkononi mwake. Alicheka, akanirudishia kitabu. "Kesho hapana hesabu kwa sauti," akasema, akaenda zake.

Nilimpeleka yule mtoto hospitali ya misheni kwa miguu. Mfupa ulikuwa mzima, lakini bega lilikuwa la rangi ya biringanya. Njiani nilimuuliza kwa nini hakukwepa.

"Ningekwepa, yeye angesema muchezo hakuna," akajibu. "Halafu Madamu alisema mupira haiumi mutu."

Niliona aibu ambayo sijapata kuiona tena. Nilimwomba radhi pale pale barabarani, mtu mzima kwa mtoto, nikamwambia mpira ukimjia mwilini akwepe, hata nikisema nini.

"Hata kama wanachukua wewe?"

"Hata kama."

Alitangulia mbele, ameushika ule mkono, tukamaliza kilima. Kesho yake tulihesabu kwa kunong'ona, naye alikuja wa kwanza, mkono ukiwa kwenye tanji la kitambaa lililofungwa shingoni.

Reli ilipogawanywa kati ya nchi zetu tulirudi Kenya, na nimefundisha softboli huku mpaka nimestaafu. Walimu wenzangu walinishangaa, kwa sababu mwanafunzi mpya sikumpa gongo wiki ya kwanza. Nilimsimamisha mikono mitupu, nikamrushia kimpira cha soksi nikilenga mwili, tena na tena, mpaka asiguswe na hata kimoja. Hapo ndipo nilipompa gongo.