Salamu za Skolastika

Usiniambie nilikuwa na usingizi. Ulikuwa mchana, nimeshakula, na niliyemwona nilimwona kwa macho haya mawili. Kama huamini, basi nisikilize tu.

Mimi si mwenyeji wa Mbinga, nililetwa na kazi kutoka Singida. Ni mchambuzi wa sera katika taasisi ndogo. Nasoma miongozo ya afya na bajeti, kisha naingia redio ya hapa mjini kuwaeleza watu kwa Kiswahili chepesi, nao wanapiga simu kuuliza. Siku ile mada ilikuwa usafiri wa wajawazito wa vijiji vya ziwani. Nilieleza kwamba mama mwenye uchungu anatakiwa kufikishwa hospitali, na boti ya wagonjwa iwe tayari. Nilieleza vizuri, hata mtangazaji wetu, Ndunguru, akaninyooshea dole gumba.

Kipindi kilipokwisha nikatoka barazani kupunga hewa. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka milimani. Kwenye benchi alikaa mwanamke kijana, amekumbatia kichanga ndani ya kitenge, na kitenge kinachuruzika maji. Mvua haikuwa imenyesha, niamini. Tena alinukia ziwa, na ziwa liko mbali, chini huko nyuma ya milima.

"Shikamoo dada," akasema.

"Marahaba. Mbona umelowa hivyo na mtoto? Ingia ndani."

Hakuinuka. "Nimekusikia ukiongea habari zetu. Naomba unifikishie salamu kwa mama yangu, Bibi Anastazia, kule Ngumbo. Mwambie Skolastika amejifungua. Ni wa kike, nimempa jina lake. Na asitusubiri tena ufukweni, baridi itamuumiza."

Aliyasema bila kulia. Nikaingia kumchukulia koti langu. Kurudi, benchi tupu. Geti lilikuwa bado na kufuli, kama kawaida yetu wakati wa kipindi. Sasa alipita wapi?

Ndunguru ndiye husoma matangazo ya vifo na ya waliopotea. Nilipotaja jina, akavua miwani.

"Dada, huyo nilimtangaza mimi mwenyewe. Alishikwa na uchungu, wakampakia kwenye boti kumpeleka hospitali. Upepo wa mwera ulikuwa unavuma, boti ikapinduka. Wenzake walipatikana. Yeye hadi leo bado."

Kesho yake mimi na Ndunguru tukateremka Ngumbo. Njia nzima nilijiuliza: mama unamwambiaje jambo kama hili? Na ukinyamaza, salamu za marehemu unaziweka wapi?

Tulimkuta Bibi Anastazia amekaa mchangani, anatazama maji. Majirani walikuwa wametueleza kwamba amekataa kuweka matanga. Anasema hamlilii mtu ambaye hajauona mwili wake.

Nikapiga goti. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ni yule wa redioni, sauti naijua."

Nikamwambia kila neno. Kisha akauliza taratibu, "Mtoto alikuwa analia?"

"Hapana mama. Alikuwa amelala."

"Amefunikwa?"

"Amefunikwa."

Akatikisa kichwa kukubali, mara mbili tatu. Halafu akapiga yowe, na wanawake wakatoka majumbani mbio. Siku hiyohiyo matanga yakaanza. Padri alipokuja, aliombea watu wawili, na wa pili alimtaja kwa jina la bibi yake.

Tangu hapo siwezi kuongea redioni kama zamani. Nikifika kwenye neno "wajawazito", sauti hukatika, na Ndunguru huniwekea muziki. Bibi Anastazia hapigi tena kambi ufukweni, ila kila nikiwa hewani hupiga simu. Swali lake ni moja: "Mwanangu, ile boti ya wagonjwa imeshaletwa?" Namjibu bado. Ananishukuru, anakata. Mapendekezo nimeandika, nimeyapeleka, nimeambiwa yanashughulikiwa. Yeye nimwambie nini zaidi?

Nawe unayenisikiliza, kama nyumbani kwako kando ya ziwa kuna mjamzito, usingoje uchungu uanze. Mpeleke mapema, maji yakiwa yametulia, akakae karibu na hospitali hata kwa ndugu wa mbali. Watakucheka kwamba una haraka. Waache wacheke.