Dungu Lenye Ngazi

Siku ile walikuwepo mjomba wangu, kaka yake mama; jirani yetu mkata boriti, anayekaa ng'ambo ya kijito; mama wa shamba la pili, aliyekuja na panga lake; mdogo wangu wa kiume, miaka kumi na minne; kitindamimba wetu wa kike, miaka minane; na mimi. Tulikusanyika kumjengea mdogo wangu mahali pa kuvulia samaki.

Miguu yake haijawahi kumbeba. Wazazi walipofariki niliacha shule darasa la sita ili wadogo zangu wapate kula, na tangu hapo mimi ndiye niliyembeba mgongoni mpaka kijitoni, nikamkalisha kwenye mizizi ya mkoko na mshipi wake. Mwaka ule akakataa.

"Dada, mimi sasa mkubwa. Sibebwi tena."

Kiti cha magurudumu alichopewa kilikwama matopeni hatua tatu tu kutoka kwenye majani, tukabaki kukianikia nguo. Akaacha kuvua. Akawa anashinda barazani anatazama maji yanavyojaa na kutoka, na ukimsemesha anakujibu neno moja. Nami nilikuwa na langu lililonisumbua siku nyingi: kwa nini yeye alikuwa akipata ngogo, wale samaki wenye mwiba mkali, kila mara, na mimi nikitupa mshipi kijito hichohicho narudi na chambo changu?

Kwetu mtu akikupa siku yake, nawe unamrudishia siku: ya kupalilia, ya kuvuna, au ya kuwinga ndege mpunga unapokomaa. Nikaomba siku moja kwa mjomba, moja kwa yule mama, moja kwa mkata boriti, ambaye pia alitoa boriti zilizombakia.

Kazi ilikwenda mbio. Hakuna aliyeuliza vipimo, maana kila mmoja wetu amekulia kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo tunachokaa kulinda mpunga. Mikono yenyewe inajua. Nguzo nne ndefu, sakafu ya fito, paa la makuti. Adhuhuri haijaadhiniwa, dungu limesimama ukingoni, zuri kuliko langu la shambani. Mjomba akakaza kamba ya mwisho ya ngazi, akajifuta jasho.

"Haya, bwana mkubwa. Panda!"

Mdogo wangu akaitazama ngazi. Vipandio saba.

"Mjomba," kitindamimba akauliza, "sasa atapandaje?"

Kisha yule mama akaangua kicheko mpaka akashika kiuno. "Ee jamani! Watu wazima wanne, asubuhi nzima, hakuna hata mmoja aliyeikumbuka miguu yake!"

"Na wewe si ulikuwa unafunga fito hapahapa?" mjomba akamjia juu.

"Nilifunga. Na mimi mjinga vilevile!"

Mdogo wangu naye akacheka, lakini kidogo, na macho yake yalikuwa yameshageukia nyumbani. Niliona akiondoka sasa harudi tena. Aibu ilinishika, ila nyuma ya aibu lilikuwepo swali ambalo sikuwahi kumuuliza mwaka hata mmoja.

"Ungejenga wewe, ungejengaje?"

Akanitazama kama anapima kama nataka jibu kweli. Halafu akajikokota kwa mikono, akalipita dungu, akaenda mpaka kwenye kona ya kijito ambako mizizi imesongamana na kimfereji chembamba kinatokea mikokoni.

"Hapa. Sakafu iwe chini, kimo cha goti lako. Njia ya mbao itoke kule kwenye majani, iteremke polepole, nije na kiti changu mwenyewe. Na mbele fito za kuzuia, mtoto asitumbukie."

"Siku za bamvua maji yatalifunika," mkata boriti akasema.

"Yalifunike. Maji yakiwa makubwa hivyo ngogo wako ndani ya mikoko, hapa ningevua nini? Yakianza kutoka, wote wanateremkia kimfereji hiki. Hapo na mimi nateremka."

"Wewe umeyajuaje haya?"

"Ninyi mnapita mmesimama, mzee. Mimi nilikuwa nimekaa."

Mkata boriti akainama, akachungulia kile kimfereji muda mrefu, kama mtu aliyeonyeshwa mlango kwenye nyumba yake mwenyewe. Kisha akachukua panga, akakata kamba ya ngazi.

Wakarudi wote kesho yake. Tukabomoa, tukajenga upya, njia tukaitandika mbao za mtumbwi uliooza nusu. Jioni mdogo wangu aliteremka peke yake, mkono mmoja kwenye gurudumu, mwingine kwenye fito tulizozifunga pembeni mwa njia. Kitindamimba akakaa pembeni yake, na mshipi wake mfupi ukafika majini. Maji yalipoanza kutoka, mdogo wangu akavuta ngogo wa kwanza, akamvunja mwiba kabla sijamwambia. Siku hizi watoto wa majirani wanagombea nafasi pale, naye anawakemea kama mwenye bandari.

Siku tatu nilizoomba zilikuwa zimekuwa sita. Za mjomba nilizilipa kwa kupalilia, za yule mama kwa kuvuna. Za mkata boriti mdogo wangu alinizuia.

"Hizo zangu, dada. Nitalipa mwenyewe."

Akamwita mkata boriti aliyekuwa akipita na mtumbwi, akampa ngogo wawili wanene. Mkata boriti akawarudisha. "Siku kwa siku, bwana mdogo. Una mikono ya kushona nyavu. Njoo kwangu unishonee wavu wangu, siku mbili."

"Nitafika na mtumbwi. Kwako nitashukia wapi? Ni tope tupu, na mimi sibebwi."

"Nikujengee pa kushukia?"

"Ukitaka nilipe."

"Basi zitakuwa siku tatu unazodaiwa!"

Wavu wa mkata boriti bado una matundu. Wakionana, mmoja huku na mwingine kule, wanadaiana kwa sauti juu ya maji, na siku zile mbili hazijalipwa mpaka leo.