Mlango wa Cucu

Nilitoka Lodwar kwa lori, nikalala njiani, na nilipokaribia kwetu Ishiara nikaona hoteli mpya ya watalii. Paa lilikuwa la nyasi, na mafundi walikuwa wakikandika kuta kwa udongo mwekundu. Harufu ile mbichi ilinisimamisha.

Nilipokuwa mtoto, nyanya yangu, tuliyemwita Cucu, alikuwa akikandika nyumba yake alasiri ile baba alipoleta mabati. Mimi na majirani tulikuwa tukikanyaga udongo uliochanganywa na samadi, ukiteleza kati ya vidole. Baba aliinama mlangoni, kama kila mtu mrefu, akaangalia ndani.

"Mama, nawa mikono. Nakujengea nyumba ya mawe."

"Na hayo mabati? Unataka kunikaanga?" Cucu akauliza.

Wanawake walicheka hadi wakashikana. Baba hakucheka. "Watu wanasema mama yangu anaishi kwenye kichuguu."

Cucu aliendelea kulainisha ukuta kwa kiganja, na baba alipojiondoa mlangoni, nilidhani Cucu ameshinda.

Lakini nyumba ya mawe ilijengwa, ikawa moto kama tanuri. Ile ya udongo ilibomolewa, mvua ikairudisha shambani, kunde zikaota juu yake.

Siku niliyoondoka nyumbani kwenda kuishi Lodwar, Cucu alinisindikiza kupitia kunde hizo. Alisimama mahali mlango wake wa zamani ulipokuwa, akanishika bega.

"Inama," akasema, "usigonge kichwa."

Nikainama, nikatoka.